Fundi Yakobo na Suti ya Shemeji

MOROGORO. Saa moja kasorobo asubuhi, Fundi Yakobo Mzeru amechuchumaa kwenye baraza la duka la Bharat, anapuliza mkaa wa pasi. Mdomo uko kwenye pasi lakini macho yako barabarani. Hakuna mwanamume anayepita hapa asikaguliwe kuanzia kola hadi pindo la suruali.

"Mtazame yule," anasema bila kunyoosha kidole. "Karani wa serikali. Shati liko nje, linapepea. Zamani mtu akitoka hivyo tulikuwa tunamuuliza kama nyumba yake inaungua."

Karani anafika, anapunguza mwendo. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Kazi njema," anajibu kwa upole wote. Karani akishapita, upole unakwisha. "Hiyo suruali kainunua ikiwa tayari. Imemkaa utadhani ameiazima."

Kisha anamgeukia mwandishi wa habari hizi, ambaye siku hiyo alitoka kwake akijiona amependeza. Analitazama koti lake mbele na nyuma. "Hilo nani alikushonea?" anauliza, halafu anainua mkono kabla hajajibiwa. "Basi, usimtaje. Tusimwaibishe mwenzangu bure."

Mzee Yakobo ana umri wa miaka hamsini na minne. Ni mmoja wa mafundi wachache waliobaki Morogoro wanaoweza kushona suti nzima ya kiume kwa mkono wao wenyewe, tangu kukata kitambaa hadi tundu la mwisho la kifungo. Pia ni mtu mwenye wivu. Hilo halikutungwa na gazeti. Alilisema mwenyewe kabla chai haijaletwa.

"Andika kwamba nina wivu. Watu watakwambia Yakobo amechoka, macho yameisha, mambo yamemwendea kombo. Hayo waachie wenyewe. Mimi nina wivu."

Anazionea wivu nguo zilizoshonwa tayari, zinazopanda treni kutoka Dar es Salaam zikiwa zimekunjwa kwenye makaratasi. Anawaonea wivu wauzaji wa nguo hizo, ambao hawajawahi kujichoma sindano. Lakini kuliko wote anamwonea wivu Petro, kaka wa mkewe, mkulima wa kabichi kule Mgeta.

Jumamosi mtoto wa Yakobo, Mwalimu Andrea, anafunga ndoa huko Matombo. Suti atakayovaa haikushonwa na baba yake. Imenunuliwa na Petro, dukani.

"Nimewashonea mabwana harusi wa mlima huu, upande wa huku na upande wa kule," anasema Yakobo, anaifunga pasi. "Wangu mimi atavalishwa na kabichi."

Kazi alijifunza misheni ya Matombo, kwa bruda mmoja Mzungu aliyekuwa akishona majoho ya mapadri. Bruda huyo hakuwa msemaji. Mshono ukipinda aliufumua wote, akakurudishia kitambaa, akaendelea na shughuli zake. Yakobo anasema alifumuliwa mwaka mzima kabla ya kuachiwa mshono mmoja.

Aliteremka mjini miaka michache kabla ya vita, akapewa nafasi barazani na baba yake Bharat. Neema yenyewe ilikuja vita vilipokwisha. Askari walirudi kutoka Burma na pesa mfukoni, na macho yaliyokwisha kuona namna watu wa kwingine wanavyovaa. Miaka ile ya arobaini na sita na arobaini na saba, suti mbili kwa wiki zilitoka katika cherehani yake, kila moja shilingi arobaini za ushonaji, na bado watu walipanga foleni.

Jumapili baada ya misa, na Waislamu sikukuu ya Idi, wanaume walitembea kutoka sokoni hadi stesheni na kurudi. Walivaa kizibao, tai, kitambaa cha mfukoni na viatu vinavyolia.

"Hawakuwa na safari," anasema. "Walikuwa wamevaa, basi. Na mtu akitokea na koti jipya, wenzake hawasemi kitu. Wanamwamkia, wanapita. Jumatatu asubuhi wote wako hapa kwangu."

Anatemea kidole mate na kukigusisha kwenye pasi ili kupima moto wake. "Biashara yangu yote ilikuwa wivu. Siku hizi hakuna anayemwonea mwenzake wivu kwa ajili ya koti. Nimebaki nao peke yangu."

Mwaka uliopita alishona suti nne tu. Anachokula kinatokana na kaptula za shule, viraka, na mashati ya mikono mifupi ambayo huyashona huku amekunja uso. Bharat, mwenye duka, anasema uso huo unamfukuzia wateja.

"Mtu anachagua kitambaa kwangu, amefurahi," anasema Bharat. "Akitoka nje kupimwa, fundi anamtazama kama amemkosea mama yake. Nimemwambia mara ngapi, fundi, dunia sasa inavaa shati."

Fundi, aliyesikia yote, anajibu bila kuinua kichwa. "Dunia inavaa shati kwa sababu wewe unaiuzia."

Msomaji wa mbali na huku huenda akauliza kwa nini baba mwenye ufundi kama huu asimshonee mwanawe mwenyewe. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Na katika ukoo wa Paskalia, mke wa Yakobo, mavazi ya bwana harusi hutolewa na mjomba wake. Asubuhi ya harusi mjomba huyo humvika mpwa wake hadharani mbele ya nyumba, shati, tai na koti, huku watu wakitazama. Baba naye yupo, lakini husimama kando, karibu na ukuta, na hana la kusema.

Yakobo hakuwahi kugombana na desturi hiyo, maana ndiyo iliyomlisha. Wajomba waliteremka kutoka Mgeta na Kinole kuja kuagiza suti za wapwa zao, na wakati mwingine baba wa kijana alifuatana nao. "Yule baba alikuwa anashikashika kitambaa tu," anakumbuka. "Mimi namwambia, mzee, sogea kidogo, unanizibia mwanga."

Alikuwa tayari kumwachia Petro amvike Andrea. Alichokuwa akingojea ni Petro aje kuagiza suti kwake. Kwa nani mwingine angekwenda? Hata hakungoja mikono mitupu. Andrea alipomaliza masomo ya ualimu, Yakobo alinunua kitambaa cha sufu nyepesi, rangi ya kijivu, akawa anashona kidogo kidogo kila alipopata nafasi. Andrea alikuwa anafundisha Kilosa, hakuwepo wa kupimwa. Yakobo anasema hakumhitaji.

Kisha Petro akapeleka kabichi Dar es Salaam na kurudi na suti.

"Nilimpa habari wakati wa chakula," anasema Paskalia, mwanamke mchangamfu anayecheka kabla ya kuongea. "Akaosha mikono, akaondoka, chakula kikabaki. Nimeishi na Baba Andrea miaka thelathini na hajapata kunionea wivu hata siku moja. Ila hilo koti, jamani."

Siku hiyohiyo mwandishi alipokuwa barazani, yapata saa sita, lori la Mgeta lilisimama ng'ambo ya barabara, akashuka Petro na kifurushi kwapani. Nyuma yake alikuwapo Andrea, aliyekwisha kutoka Kilosa na kufikia kwa mjomba wake, kijana mrefu, mpole, aliyekuwa na wasiwasi tangu mbali. Petro si mtu mbaya. Ni mnene, ana sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili, na anampenda mpwa wake waziwazi.

"Habari za mjini, shemeji?"

"Njema. Za kabichi?"

"Kabichi hazijambo, zinakusalimu." Petro alikifungua kifurushi juu ya meza ya kukatia bila kuombwa nafasi. Ilikuwa suti ya buluu iliyoiva, yenye vifungo vinavyong'aa. "Hii niliijaribu mwenyewe dukani, ikanikaa sawasawa. Unene waupunguze, nikawaambia, na wakapunguza. Urefu wa mgongo, mabega, vile vile. Mimi na mpwa wangu damu moja, mwili mmoja. Sasa jana kaivaa, naona kuna kitu. Iguse kidogo, shemeji. Pengine inataka pasi tu."

Andrea alilivaa koti. Hata asiye fundi angeona. Upande wa kulia kola ilikaa vizuri shingoni, lakini upande wa kushoto ilisimama mbali na shingo, na mkunjo mrefu ukateremka kutoka begani hadi kwapani.

"Simama vizuri, Andrea," alisema Petro.

"Nimesimama, mjomba."

"Basi ni huo ualimu. Kutwa ameinamia madaftari."

Yakobo alimvua mwanawe lile koti, akaivua na kanda ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake mwenyewe, akalivaa yeye. Kisha akampa Petro mgongo. Kola ilisimama mbali na shingo, upande wa kushoto. Mkunjo ukashuka pale pale ulipokuwa umeshuka kwa Andrea. Bharat, aliyekuwa amefika mlangoni, alikohoa na kurudi ndani.

"Bega langu la kushoto liko chini tangu nizaliwe," alisema Yakobo, bado amewapa mgongo. "Baba yangu alikuwa hivi. Huyu naye, tangu anatambaa, kila nguo niliyomshonea nimelitengeneza bega la kushoto, ndiyo maana hamkupata kujua. Ukoo ni wenu, shemeji, wala sibishi. Bega ni langu."

Petro aliangalia lile koti, akamwangalia Andrea, akaangalia barabara. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Basi litengeneze," alisema. "Lakini nitamvika mimi."

"Utamvika wewe."

Walipoondoka, Yakobo alikaa kwenye kiti chake akalilaza koti magotini. Ni vigumu kueleza alivyofurahi. Alimwita Bharat, akamwita mwuza kahawa, akamsimulia hata mama mmoja aliyekuja kuchukua kaptula ya mtoto wake na ambaye hakuwa na habari na mtu yeyote katika mambo hayo. Kila alipofika kwenye neno bega alijipiga begani.

Furaha iliisha alipofumua bitana na kutazama ndani.

"Njoo uone," alimwita mwandishi. "Fundi akishona anaacha kitambaa ndani ya mshono, kwa sababu mtu anaweza kunenepa, kukonda, hata kufa koti likaenda kwa mwingine. Hawa wamekata hadi ukingoni. Ukilishusha bega, kwapa nalo linataka kushuka, na hamna cha kuachia."

Njia iliyobaki ilikuwa kulijenga bega kwa ndani, kwa kanvasi, kitambaa kigumu cha ndani kilichoshonwa kwa mkono tundu kwa tundu mpaka kikashika umbo la mtu mwenyewe. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi na harusi ilikuwa Jumamosi. Kanvasi ya namna hiyo, yenye umbo la Andrea hasa, ilikuwapo Morogoro nzima moja tu. Ilikuwa ndani ya suti ya kijivu, kwenye sanduku, chini ya kitanda cha Yakobo.

Siku hiyo hakuligusa tena koti. Kesho yake alishona kaptula za shule, tena kwa bidii isiyo ya kawaida. Alipoulizwa anangoja nini, alisema wazi.

"Nafikiri niliache. Nilipige pasi kama alivyotaka, nimrudishie. Jumamosi ukoo wao wote utaona mkunjo ule na Petro atatafuta pa kuficha uso. Nimelifikiria hilo tangu jana na bado linanifurahisha."

Paskalia alikuwa ameleta chakula cha mchana. Alimpakulia kwanza, akamnawisha.

"Baba Andrea," alisema, "koti likipinda, Petro hakuna atakayemtazama. Mwenye kutazamwa ni aliyelivaa."

Yakobo alimaliza kula. Paskalia alipokusanya vyombo, mumewe alimwambia, "Nitakuja nyumbani mapema. Nitolee lile sanduku."

Mwandishi aliona kazi ile ikifanyika Alhamisi, mchana kutwa. Suti ya kijivu ilikuwa nzuri. Hata mtu asiyejali mavazi angetamani kuwa na pa kwenda kwa kuiona tu, na mwandishi hataficha kwamba alitamani iwe yake. Yakobo aliishika akaitikisa mara moja, akaipindua nje ndani, akaanza kuifumua kwa wembe. Alitoa kanvasi ya kushoto, akatoa na ya kulia, kwa sababu haziwezi kutenganishwa. Koti la kijivu lililegea mezani, halina kifua.

"Hii hakuna atakayeiona," alisema huku akiishikiza kanvasi kwa bandi, mishono mirefu ya muda, ndani ya koti la buluu. "Ndilo linaloniuma. Ningekuwa mtu mzuri ningesema hainiumi." Alikata uzi kwa meno. "Na wewe usiandike mpaka harusi ipite. Ukiandika kabla, Petro atakwenda kununua nyingine."

Safari ya Matombo ilifanyika Ijumaa kwa lori, njia ikiwa mbovu kama kawaida yake. Koti lilisafiri limefungwa kwenye kanga, juu ya mapaja ya Paskalia, aliyekaa mbele kwa dereva. Bwana harusi alikaa nyuma, juu ya magunia.

Asubuhi ya Jumamosi watu walijaa mbele ya nyumba walikofikia, karibu na misheni. Petro alitoka amevaa kanzu safi na koti jeusi, akasimama mbele ya mpwa wake. Alimfunga vifungo vya shati vizuri. Tai ilimshinda. Aliifunga ikatoka fupi kama ulimi, akaifungua, akaifunga tena ikatoka ndefu. Yakobo alikuwa mahali pa baba, ukutani, mikono ameiweka nyuma. Aliyesimama upande wa ukuta aliweza kuviona vidole vyake vikifunga tai hewani.

Hatimaye ikakaa. Petro akachukua koti, akamvika Andrea mkono wa kulia, kisha wa kushoto, akaliweka sawa kwa viganja vyote viwili. Kola ililala shingoni. Bega la kushoto lilisimama sambamba na la kulia, na nyuma hapakuwa na mkunjo hata wa bahati mbaya. Wanawake walipiga vigelegele.

"Mjomba amevisha," mtu alisema, na wengine wakaitikia kwamba kweli amevisha.

Bibi mmoja wa ukoo wa Paskalia, mzee sana, aliinuka kwenye mkeka akaja karibu. Alipapasa mabega ya Andrea kwa mikono yake miwili, la kulia na la kushoto.

"Mtazameni mtoto wetu," aliwaambia watu. "Mabega ya marehemu babu yake, mjomba wake Petro. Yale yale. Damu yetu hiyo."

Wote walikubali. Petro, kwa heshima yake, alitazama chini. Yakobo alitazama mlimani. Andrea alipokuwa akipita karibu na ukuta kuelekea kanisani, alijigusa bega la kushoto, akalibonyeza kidogo, akamtazama baba yake. Msafara ukaendelea.

Jumatatu Mzee Yakobo yuko barazani tena, anashona shati la mikono mifupi. Anasema kati ya yote, yule bibi ndiye aliyemkata maini.

"Petro alijua, angalau. Yule bibi kanichukulia hata bega."

Anapoulizwa kama sasa wivu umepungua, anasema haujapungua. Anaushughulikia. Anacheka kwanza, kwa sababu amegundua jambo. Watoto wa Andrea watakuwa wa ukoo wa Theresia, mke wake. Siku mtoto wa kiume wa Andrea atakapooa, atavikwa na kaka yake Theresia. Petro na ukoo wake hawatakuwa na sauti hapo.

"Petro atakuwa mgeni kama mimi," anasema. "Atakula wali, atapiga makofi, atarudi Mgeta kwenye kabichi zake."

Anacheka tena, halafu kicheko kinamwishia mdomoni. Anaacha kukanyaga cherehani.

"Lakini Andrea naye atakuwa baba," anasema. "Atasimama ukutani. Mtoto ni wake, amemlea, na mtu mwingine anamfunga tai mbele ya macho yake, tena vibaya."

Anasema hana mpango mwingine mkubwa uliobaki. Hataki cherehani mpya wala duka lake mwenyewe, na suti ya kijivu ataitafutia kanvasi nyingine akipata nafasi. Anachomwomba Mungu ni miaka ishirini na kitu, hata kama atakuwa anatembelea fimbo.

"Nataka niwepo siku hiyo," anasema, "nisimame naye pale. Mimi nilisimama peke yangu."